Kitanda cha Mama Kilichonyooshwa

Mdogo wangu alisomea feng shui, ile elimu ya Kichina ya kupanga nyumba ili bahati iingie, kwa wikiendi mbili, kwenye kompyuta, akiwa amevaa nguo za kulalia, akatoka mtaalamu. Tangu hapo hakuna nyumba ya jamaa zetu hapa London aliyoingia akakaa kitako kama mgeni. Kwangu alifunika kioo cha chumbani kwa kanga yangu mpya, ati kinanirudishia uchovu usiku kucha. Akatupa maua yangu makavu, akaiteremsha saa iliyosimama, akanionya kwamba choo kisipofunikwa kinameza riziki ya nyumba nzima. Viatu kutapakaa mlangoni, kosa. Kulala miguu ikielekea mlango, kosa kubwa zaidi, maana hivyo ndivyo maiti anavyotolewa. Nilimsikiliza nimeshika kiuno. Nusu ya hayo Mama alikwisha kutukemea tukiwa wadogo Unguja, na hakuhitaji kompyuta.

Mama anakaa Tottenham, ghorofa ya tatu, kwenye nyumba za kaunsili, za serikali ya mtaa. Macho yake yameliwa na presha ya macho; anaona mwanga wa dirisha na kivuli cha mtu, basi. Lakini flati yake anaijua kwa viganja. Anajipikia uji, anatia udhu, anasali sala zake tano bila kumwuliza mtu chochote. Hilo la kusali bila kuongozwa ndilo analojivunia kuliko yote. Hutandika msala sambamba na ubavu wa kitanda, akasimama, akaelekea kule kichwa cha kitanda kinakoelekea.

Jumamosi moja kabla ya Ramadhani, mdogo wangu akaenda kumtengenezea chumba. Jumapili nilipofika nilimkuta chura wa plastiki wa rangi ya dhahabu juu ya kabati, sarafu mdomoni, ati wa kuvuta pesa, ananitumbulia macho. Pembeni mianzi mitatu ndani ya gilasi. Chini zulia la duara, jekundu kama jezi ya mpira. Na kitanda, ambacho kwa zaidi ya miaka ishirini kilikaa mshazari katikati ya chumba kama gari lililoegeshwa na mlevi, sasa kimenyooka, kichwa kimeegemea ukuta.

“Dada, ile bed ilikuwa imekaa vibaya kabisa,” mdogo wangu aliniambia kwenye simu. “Haina ukuta nyuma yake. Energy yote inapotea. Ndiyo maana Mami halali.”

“Mama halali kwa sababu ya magoti.”

“Wewe kila kitu unacheka tu.”

Kweli nilicheka. Nilimpiga chura picha, nikawatumia marafiki zangu wote, tukamcheka wiki nzima. Kuhusu kitanda nilimwambia Mama, kwa mdomo wangu mwenyewe, kwamba angalau chumba kimepata nafasi.

“Nilimwuliza mdogo wako kuhusu kibla,” Mama akasema, akipapasa ubao wa kitanda. “Kasema kapima kwa dira.”

“Basi vizuri,” nikajibu, nikaenda jikoni.

Kila Jumapili ya Ramadhani nilikwenda kumpikia futari. Alasiri ilipoingia Mama alikuwa chumbani, mimi jikoni na tambi zangu, simu begani, nikimsimulia mtu fulani habari za mtaalamu wetu. Jumapili ya tatu nilimpelekea taulo safi, nikamkuta amesujudu. Paji lake la uso lilikuwa limeelekea ukuta wa choo, kile kile choo ambacho mdogo wangu alikuwa amekiwekea masharti kumi. Huko siko alikokuwa akielekea kabla kitanda hakijahamishwa.

Nilimpigia mdogo wangu simu, akaja mbio kwa basi.

“Lakini kibla ni kaskazini!” akasema. “Mami mwenyewe katufundisha. Nimekiweka kaskazini kabisa, kwa dira!”

“Kaskazini ukiwa Unguja! Hapa Uingereza kibla ni kusini-mashariki. Makka imehama, au wewe umehama?”

Aliketi pembeni mwa kitanda akaanza kulia. Sikumwonea huruma. Nilikuwa na maneno mengine matamu ya kumwambia, nimeyapanga rohoni muda wote nikimsubiri, lakini Mama, aliyekuwa amebaki kwenye msala akivuta tasbihi, akatugeukia.

“Siku ngapi?” akauliza.

Akahesabu mwenyewe kwa vidole, kuanzia Jumamosi ile.

“Marehemu baba yenu alikishika upande wa kichwa,” akasema. “Dira kaiweka juu ya godoro. Alisema, siku macho yako yakikwisha, kitanda hiki kitakuonyesha. Na upande wa miguu alishika nani?”

“Mimi,” nikasema. Nilikuwa na miaka kumi na mitano, na mikono iliniuma, na nilinuna kwa sababu chumba kilionekana kibaya.

“Jumapili ile ulipokuja, ulikiona kimehamishwa?”

“Nilikiona, Mama.”

“Mdogo wako hakujua. Alikuwa bado mtoto wa miaka mitano.” Alikunja msala wake polepole. “Wewe ulikuwa unaangalia nini?”

Nilikuwa naangalia chura. Sikuweza kumwambia hivyo.

Tuliliondoa zulia jekundu. Chini yake, kwenye kapeti, mashimo manne ya miguu ya kitanda yalikuwa bado yapo, yamedidimia kwa miaka yote ile. Mdogo wangu akashika upande wa kichwa, mimi nikashika upande wa miguu, tukakirudisha mshazari. Mama akapitisha kiganja kwenye ubavu wa kitanda mpaka mwisho, akatandika msala, akaanza kuzilipa sala zake moja baada ya moja. Futari ilipoa mezani. Mimi na mdogo wangu tulisimama mlangoni, na kwa mara ya kwanza mwezi ule nilitulia nikamtazama Mama akisali.