Mpaka Sekunde ya Mwisho

Ukitaka kumwona Bi Kadi akifura, mwambie wimbo umeusikiliza "kidogo". Atavua miwani, akutazame kutoka utosini mpaka kwenye kandambili, kisha akuulize kama na mtihani wako ungependa usahihishwe kidogo. Wanafunzi wa redio ya chuo walimwogopa kwanza, wakampenda baadaye.

Jina alilipata kazini. Kwa miaka kumi na moja alikuwa mtunza nyimbo wa kituo, katika chumba kilichowahi kuwa stoo ya vifaa vya michezo na ambacho hakijaacha kunuka magodoro ya kurukia. Humo zilifika nyimbo za watu wasio na kampuni wala meneja: vinyozi, wauguzi, wanafunzi waliorekodi chumbani huku wameziba dirisha kwa blanketi. Sheria ilikuwa moja, na aliitunga mwenyewe. Kila wimbo usikilizwe mpaka sekunde ya mwisho, kisha uandikiwe kadi: una nini, unageuka wapi, unafaa au haufai, na sahihi ya aliyesikiliza. Uliofaa ulipigwa Alhamisi saa kumi jioni, katika kipindi cha saa nzima cha watu ambao redio nyingine zisingewapa hata salamu.

Kipindi hicho ndicho mkuu mpya wa kituo alichotaka kukifuta.

Alikuja na kompyuta yake na maneno laini. "Mama, siku hizi kuna programu. Inasikiliza nusu dakika tu, inajua wimbo utapendwa au hautapendwa. Kwa nini tupoteze saa nzima kwa watu wasiojulikana?"

"Watajulikana vipi bila kupewa nafasi? Nusu dakika! Nusu dakika hata kiatu hujavaa!"

"Basi kamati ya kituo itaamua Jumanne."

Bi Kadi alifika nyumbani akaubamiza mlango hata dada yake mkubwa, aliyekuwa akiishi naye, akauliza mlango umemkosea nini.

"Mtu anahangaika miezi sita na wimbo, dada, halafu ahukumiwe hata hajafungua mdomo! Watu gani hawa?"

"Wewe ungekuwa hakimu, kesi zingeozea mahakamani," dada yake akamchokoza. "Tangu lini binadamu akasikiliza kila kitu asichoke?"

"Mimi sichoki," akajibu Bi Kadi, na akala chakula chake kwa hasira.

Jumanne aliingia kwenye kikao na droo zote nne za kadi. Alisaidiwa na mtangazaji wa Alhamisi, binti wa mwaka wa tatu waliyemwita Spidi kwa kuwa aliongea kama anayekimbizwa. Bi Kadi hakusubiri akaribishwe.

"Kadi elfu mbili na ushee," akasema, akizipiga droo kofi. "Kila moja ni mtu aliyesikilizwa mpaka mwisho. Hiyo programu yenu imemsikiliza nani? Chomoa yoyote, mkuu. Yoyote! Tupige wimbo wake tuone kama kadi inasema uongo."

Mkuu akachomoa moja, akaisoma kwa sauti. "Fundi cherehani, mwanamke. Gitaa na sauti moja. Polepole mwanzo hadi mwisho. Haufai." Chini yake ilikuwa sahihi ya Bi Kadi.

Wimbo ukapigwa. Ulianza hivyohivyo, gitaa na sauti moja, polepole. Ulipotimiza dakika moja ngoma ikaingia. Zikafuata sauti nyingine mbili za kike, zikipokezana na ile ya kwanza kwa ukali mtamu hata mjumbe mmoja, mhasibu asiyecheka, akaanza kugonga meza kwa kalamu.

Bi Kadi alikumbuka siku ile vizuri. Hakuwa mgonjwa, hakuwa na msiba. Kulikuwa na foleni ya nyimbo thelathini, naye alitaka kwenda nyumbani.

"Labda kadi zimechanganyika," Spidi akasema harakaharaka, akimkanyaga mguu chini ya meza. "Si ndiyo, Mama? Zimechanganyika?"

Neno moja tu lingekiokoa kipindi. Hasira ilimpanda, na safari hii hakuona wa kumtolea.

"Hazijachanganyika. Mwandiko ni wangu. Sikuusikiliza."

Mkuu hakuhitaji hata kuiwasha programu yake. Kamati ikaamua kipindi kiishe Alhamisi ya wiki hiyo.

Bi Kadi alirudi chumbani kwake, akaigeuza kadi, akaipiga namba iliyoandikwa nyuma. Mlio wa cherehani ulisikika kabla ya sauti.

"Napiga kutoka redio ya chuo. Ule wimbo uliotuletea mwaka juzi, tunataka kuupiga Alhamisi hii."

Cherehani ikanyamaza. "Si mliukataa?"

"Niliukataa mimi. Sikuusikiliza mpaka mwisho. Nisamehe."



"Dada, wimbo ungekuwa umekataliwa na redio nyingine, ningesema hawa hawasikilizi, nikajaribu kwingine. Lakini kila mtu anajua nyinyi mnasikiliza mpaka mwisho. Mliposema haufai, niliamini. Gitaa nililigawa wiki ileile, na wenzangu wawili wakaenda zao. Sijaimba tena."