Turubai Nililolipigilia Katoyi

Siku yangu ya kwanza katika kazi ya kupaka rangi, pale mtaa wa Murara, sikupewa brashi. Chef de chantier, yaani mkubwa wa mafundi, muzee wa upande wa Butembo mwenye sauti ya ugomvi na moyo laini, alinisimamisha mbele ya ukuta na kuniamuru niunuse. Wenzangu walicheka. Nilinusa hivyo hivyo.

"Unasikia nini?"

"Kama udongo wa mvua, chef."

"Basi iko kuvu. Ukipaka rangi pale juu, unavalisha mugonjwa suti tu."

Kuvu, nyinyi vijana, ni yale madoa meusi au ya kijani yanayoota penye unyevu na pasipopita hewa. Tulifunga kitambaa puani, tukakwangua, tukaosha kwa sabuni, tukaacha ukuta ukauke kabisa. Halafu tulitafuta maji yanatoka wapi: bati linalovuja, au udongo uliorundikwa nyuma ya nyumba. Kazi hiyo ya mwisho iliwachosha wengi, na mimi nikiwemo.

Baadaye nilihamia mtaa wa Himbi, kwenye nyumba kubwa. Msimamizi wa huko, conducteur wa kazi, alipenda haraka. "Mwenye nyumba anaangaliaka na macho, hanusi," alituambia. Nilimpenda mno. Nikawa fundi wa haraka, na pua yangu nikaisahau.

Ndiyo maana yalinikuta ya mtaa wa Katoyi.

Mama Furaha, muuza vitenge aliyetoka upande wa Bukavu, alikuwa na nyumba ya mbao na binti mmoja, Furaha. Komunyo ya kwanza ya mtoto ilikaribia, na wageni hawapokelewi kwenye salon, yaani sebule, yenye madoa. Mbao za nyuma zilikuwa nyeusi. Niliziona! Nikapigilia bashi, yaani turubai la plastiki, kutoka kona hadi kona, juu yake kitambaa cheupe chenye mikunjo kama altare. Wageni walinisifu, nami nikanenepa kwa sifa.

Usiku Furaha alitandikiwa godoro palepale salon, kando ya kitambaa kile. Miezi michache baadaye mama yake alinifuata kazini.

"Papa fundi, mutoto hapumui muzuri. Usiku anakaa tu, hawezi kulala. Infirmier wa hospitali amemupatia dawa, lakini ameniuliza: ukuta wa kwenu uko namna gani?"

Nilijua jibu kabla sijafika. Nilipong'oa misumari, harufu ilitoka kama gunia la viazi vilivyooza, na nyuma ya bashi mbao zote zilikuwa na manyoya meusi. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Na mimi nilikuwa nimeficha ya mtoto wa watu.

"Ni kosa yangu, mama. Niliona, nikafunika."

"Basi funua yote," akasema.

Furaha alipelekwa kwa shangazi yake. Nilitoa mbao zilizooza, nilizobakiza nikaziosha na kuzianika juani. Nilikata matundu ya hewa chini ya paa, nikafunga mfereji wa kuchukua maji ya bati mbali na ukuta. Mama alitoa nje jiko la makala, yaani mkaa, na kamba ya nguo mbichi, ili mvuke usirudi ukutani. Godoro lilisogezwa mbali na ukuta. Mtoto aliendelea na dawa zake, na polepole usiku ukawa wa kulala. Sijawahi kufurahia mkoromo wa mtu kama siku mama yake aliponiambia kwamba Furaha anakoroma.

Sasa magoti yamekataa ngazi na nimestaafu. Nawakumbuka machef wangu wote, lakini yule wa Murara ndiye ninayemshukuru.

Juzi Furaha, ambaye ni mama wa mtoto mmoja sasa, alinifuata kwangu.

"Papa fundi, nimepata nyumba. Mbele bapake rangi, kuya unuse kwanza."

Nilikwenda na fimbo yangu. Nikainama ukutani, nikanusa pembe zote nne. Palinukia mbao na sabuni. Furaha alisimama kando yangu na mtoto mgongoni, akavuta pumzi ndefu, nami nikaisikia ikiingia yote.

"Waambie bapake," nikasema.