Sajini Aliyehamia Ng'ambo ya Shamba Lake

Siku yangu ya kwanza kazini, katika wadi ya akili mjini Kisii, nilivaa viatu vipya vyeupe, na Matroni akaniambia nivivue. Alisema vinagonga sakafu. Wadini alikuwemo askari mstaafu aliyelazwa baada ya kumpiga jirani, na kila kishindo kilimrusha kitandani, mikono ikitafuta kitu cha kushika. Siku hiyo nilihudumia wagonjwa kwa malapa ya kuazima.

"Usimguse kabla hujamwita jina," Matroni alinifundisha. "Na umwite ukiwa mbele yake."

Nilidhani hilo lilimhusu mgonjwa mmoja tu. Likawa kazi ya maisha yangu.

Siku hizo tuliwapa askari kama yule dawa za kuwatuliza, wakalala, wakarudi makwao, na baada ya muda tukawapokea tena, safari hii pamoja na mke aliyefungwa bendeji. Daktari wa Akili aliyehamia kwetu baadaye ndiye aliyenipeleka nikasomee ushauri nasaha. Aliniambia kwamba hasira ya askari ni silaha aliyofundishwa kuitumia, na pengine ilimwokoa. Siku ya kustaafu alirudisha bunduki, lakini ile nyingine hakuna aliyemsaidia kuiweka chini.

Nilifanya kazi Nyamarambe, kisha nikahamishiwa kituo cha afya huko Nyaramba. Msimamizi wa kituo aliniruhusu kuanzisha tiba ya kikundi, ambapo wenye shida moja huketi pamoja na kuzungumza, kila mmoja akimsikiliza mwenzake. Tulipewa chumba cha kliniki ya watoto. Wanaume wazima, waliowahi kuamrisha wengine, walikaa kwenye viti vifupi magoti yakifika kifuani.

Hapo ndipo nilipomjua Sajini Omwenga, aliyepigana Somalia. Aliletwa na mkewe, Moraa, baada ya tukio la kituo cha kuuzia majani chai. Karani aliangusha kreti nyuma ya Sajini, na kabla watu hawajaelewa, karani alikuwa chini na goti la Sajini kifuani. Wazee wa kanisa lao la Sabato walikuwa wameshamwombea. Moraa aliniambia kwa Ekegusii, akiangalia mikono yake, kwamba hakuja kwa ajili ya karani. Alikuja kwa sababu watoto wake walikuwa wamejifunza kula bila kugonganisha vijiko.

Tulianza na mwili. Watu husema hasira huja ghafla, lakini hutanguliwa na dalili. Sajini alipata moto masikioni, kisha taya likakaza. Nilimfundisha kuitambua dalili ya kwanza na kutoka nje kabla ya ile ya pili, atembee migombani akivuta pumzi polepole. Moraa naye nilimfundisha asimfuate wala kumuuliza anakwenda wapi. Tukatafuta vichocheo, yaani mambo yanayoiwasha hasira: kishindo, mtu kupita nyuma yake, harufu ya mpira unaoungua.

Harufu hiyo ndiyo iliyotufikisha kwa Barasa. Kwa muda mrefu Sajini alikuwa akija na kukaa kimya. Alasiri moja akatueleza kwamba rafiki yake huyo alianguka barabarani huko Somalia, karibu na gari lililokuwa likiungua, na amri ilikuwa lori lao lisisimame.

"Sista, nilikuwa na nguvu za kumbeba," alisema. "Nilikuwa nazo. Tukampita."

Akalia. Mmoja wa wenzake alivua koti lake akamfunika mabegani. Chini ya hasira yote ile kulikuwa na msiba ambao haukuwahi kuliliwa.

Tangu siku hiyo alibadilika. Hakumpiga mtu tena. Alirudi kwa karani akamwomba msamaha mbele ya wakulima. Nami nilimwambia Msimamizi wangu kwa furaha kwamba tiba imefaulu.

Kisha siku moja Sajini akaja peke yake.

"Mimi nimepoa, Sista. Lakini nikiweka kikombe mezani, Moraa anafumba macho."

Nilimwita Moraa. Alikubali kwamba mumewe amekuwa mtu mwingine, na kwamba anamshukuru Mungu kwa hilo.

"Kichwa changu kinajua," alisema. "Mwili wangu ndio haujaambiwa."

Bado hakuweza kupata usingizi mpaka asikie mumewe anakoroma.

Mvua zilipokwisha, Sajini alijenga nyumba ndogo ya mabati ng'ambo ya shamba lake la chai, akahamia huko. Watu walisema amefukuzwa na mwanamke. Wazee walimwendea wakamwambia anajiaibisha. Aliwajibu kwamba anataka mke wake alale.

Sasa nimestaafu. Wauguzi vijana wakinitembelea huniuliza kama tiba ile huponya. Huwaambia kwamba ndiyo, huponya, na wasiiache. Ila tulimtibu aliyekuwa akipiga, tukachelewa mno kumuuliza aliyekuwa akipigwa. Mkianza kikundi chenu, nawaambia, wekeni viti vya wake pia, tangu siku ya kwanza.

Majuzi nilikwenda kumsalimu Moraa. Tulikuwa jikoni tukichambua mboga, nikasikia sauti ya kiume ikipiga hodi, kutoka mbali kidogo na mlango. Alikuwa Sajini, akibisha kwenye nyumba aliyoijenga kwa mikono yake mwenyewe. Mikono ya Moraa ilisimama juu ya mboga. Mumewe hakurudia hodi.

"Leo hapana, Baba Kemunto," Moraa alisema mwishowe kwa upole, akimwita kwa jina la binti yao.

"Haya, mama," akajibu.

Tulisikia hatua zake zikirudi shambani. Moraa aliendelea kuchambua mboga huku machozi yakimtiririka. Nilipotoka nilikuta chupa ya maziwa kizingitini, bado ina joto.