Mchezo wa Kumlisha Mama

Siku nilipoanguka, maharage yalikuwa yanachemka na geti la kibaraza lilikuwa limefungwa kwa ndani. Nilikuwa nimelifunga mwenyewe. Mwanangu mdogo alikuwa ndiyo kwanza ameanza kutambaa, na kila nikigeuka nilimkuta kwenye ngazi za kushukia uani. Dada yake, mwenye miaka mitatu na kidogo, alikuwa amekaa kwenye mkeka na bakuli lake la uji.

Nilichuchumaa kupuliza makaa ya mbabula, jiko letu la mkaa. Nilipoinuka masikio yaliziba, kama nimezamishwa majini, kisha ukuta ukaanza kwenda kando polepole. Nilisema Bismillahi, nikanyoosha mkono kushika mlango. Mkono haukukuta kitu.

Kilichoniamsha ni kitu cha baridi kilichokuwa kinasukumwa mdomoni mwangu. Nilifungua macho nikaona uso wa binti yangu, ameinama juu yangu na kijiko mkononi. Alikuwa ananilisha uji wake uliopoa. Ulikuwa umenimwagikia shingoni na sikioni.

"Mama, kula," alisema. "Fungua mudomo. Aaa."

Alisema kwa sauti yangu mimi, ile ninayoitumia kwake anapokataa chakula. Macho yangu yalikuwa yanamtafuta mdogo wake.

Alikuwa amekaa upande wa pili wa mbabula, uso unang'aa kwa jasho la moto. Alikuwa ameshika pindo la kitenge changu kilichonivuka nilipoanguka, anakivuta kuelekea kwake, na kitenge kilikuwa kinapita chini kabisa ya makaa. Sufuria ilikuwa inatikisika juu. Sijui nilifikaje kwake. Najua nilimvuta kwa mguu mmoja, akalia, na kile kilio kikanifanya nilie na mimi.

Hakuna aliyeungua. Huo ndio ukweli wote, na nilijaribu kuushika: hakuna aliyeungua. Nilimwaga ndoo nzima ya maji juu ya makaa, moshi ukajaa kibarazani, maharage yakabaki magumu kama changarawe. Jioni mume wangu aliporudi kutoka gereji nilimwambia makaa yalikuwa mabovu. Tulikula mkate.

Sikumwambia kwa sababu ya mama yangu. Mama alianguka jikoni akisonga ugali, mchana kweupe, mimi nikiwa msichana wa shule, na hakuamka tena. Hakuna aliyetueleza alikuwa anaumwa nini. Kwetu husemwa tu kwamba moyo wake ulichoka. Basi nilipolala chini pale kibarazani na uji sikioni, nilijua kwamba zamu yangu imefika, na niliona kwamba nikilitamka neno hilo mbele ya mtu, nitakuwa nimelikaribisha ndani.

Nashona nguo nyumbani, hapa mtaani Nyakabiga, zaidi sare za shule. Cherehani iko chumba cha mbele na watoto wako miguuni. Mume wangu hutoka alfajiri, na siku petroli ikikosekana anazimaliza saa zake za mapumziko kwenye foleni. Mchana wote ni mimi na watoto. Kama ungeniuliza siku zile nakula nini, ningekuambia nakula vizuri. Nilikuwa nakula nikiwa nimesimama. Nilikuwa nakula ule wali unaobaki kwenye sahani ya binti yangu, ukoko wa ugali, nusu ya andazi lililokwisha kutafunwa pembeni. Katikati ya hapo ilikuwa chai, chai yenye sukari nyingi, kwa sababu chai inanyweka huku mguu uko kwenye cherehani. Na mdogo alikuwa bado ananyonya, usiku na mchana.

Baada ya kuanguka, woga ulinipangia maisha mapya. Niliacha kuwasha mbabula nikiwa peke yangu na watoto. Asubuhi kabla mume wangu hajaondoka nilipika uji wao, nikautia kwenye termosi, na huo ndio waliokula mpaka jioni, pamoja na ndizi. Mimi nilibaki na chai na mkate. Niliacha kumbeba mwanangu nikiwa nimesimama. Nikitaka kumtoa chumba kimoja kwenda kingine, nilipiga magoti, nikamkumbatia kifuani, nikatembea kwa magoti juu ya sementi. Binti yangu alicheka akadhani ni farasi. Geti la kibaraza sikulifunga tena. Nililiacha wazi ili nikianguka mtu aingie, kisha nikawa naogopa ngazi. Nikiwa nashona nilisimamisha cherehani kila mara kuusikiliza moyo wangu. Ulikuwa unakwenda mbio, hata nikiwa nimekaa. Nilikuwa nasema, haya, ndiyo huo unachoka.

Sikuona kwamba nilichokuwa nafanya kujilinda ndicho kilichokuwa kinanimaliza. Kucha zilikuwa zinakatika. Nywele zilibaki kwenye kitana. Nilipanda ngazi tatu za uani nikahema kama niliyepanda mlima.

Aliyenigundua ni jirani yangu wa ua huo huo, mama wa Kikongo kutoka Uvira. Alikuwa anakaa Gatumba mpaka maji ya mafuriko yalipoingia nyumbani kwake, ndipo akahamia kwetu na mjukuu wake wa kike, rika moja na binti yangu. Anauza ndagala, wale samaki wadogo waliokaushwa. Mimi namwita yaya, yaani dada mkubwa, yeye ananiita mudogo, ingawa yeye anasali kanisani na mimi naswali.

Alasiri moja aliniita kutoka uani. Hakupaza sauti, na hilo lenyewe lilinitisha, maana yeye huita kama anauza sokoni.

"Mudogo, kuja uangalie."

Nilitoka nikishikilia ukuta. Binti yangu alikuwa amelala chali juu ya sementi, mikono imetawanyika, macho amefumba. Mjukuu wa jirani alikuwa amepiga magoti kando yake, anamtia mchanga mdomoni kwa kifuniko cha chupa.

"Usiamuke," mjukuu alisema. "Mama haamuke."

"Niko najua," binti yangu alijibu bila kufumbua macho. "Ni mi nilikufundisha."

Nilisema, "Watoto wanacheza mama na baba."

"Hii si mama na baba," jirani alisema. "Mi nimeangalia siku mingi. Kila siku mama anaanguka, kila siku mutoto anamulisha. Mutoto hawezi kutoa hiyo mu kichwa yake tu. Mudogo, ulianguka?"

"Apana."

"Ulianguka?"

Nilikaa pale pale kwenye ngazi. Binti yangu alifumbua macho, akaniona nimekaa chini, akainuka mbio na mchanga kwenye midomo yake. Alinishika shavu, akaniangalia jicho moja, kisha la pili, kama mtu anayekagua. Nilielewa hapo kwamba alikuwa ananichunga. Siku zote hizo nilizodhani ninamchunga mimi, yeye alikuwa anasubiri nianguke tena.

Jirani hakuniambia ninaumwa nini. "Mi si muganga," alisema. "Lakini kesho tunaenda kwa muganga, mi na weye. Na leo utamwambia bwana yako, ao nitamwambia mi."

Nilimwambia mume wangu baada ya magharibi, watoto wakiwa wanakula. Alinisikiliza akiwa na kipande cha ugali mkononi, hakukipeleka mdomoni.

"Na watoto walikuwa hapo?" aliuliza.

"Walikuwa hapo."

"Na moto?"

"Na moto."

Alikiweka kile kipande cha ugali. Alisimama, akatoka, akaichukua mbabula akaipeleka mbali, kona ya mwisho ya ua, akakaa karibu nayo ameinamisha kichwa. Aliporudi macho yake yalikuwa mekundu.

"Kwa nini haukuniambia?"

"Niliogopa utasema ni kama mama."

"Ningesema nini? Hata mi ningeogopa," alisema. "Tungeogopa wawili."

Asubuhi yake hakukuwa na gari. Petroli ilikuwa imekosekana tena, watu walikuwa barabarani kwa miguu. Mume wangu alibaki na binti yetu, jirani akamfunga mwanangu mgongoni, tukaanza kutembea kwenda hospitali upande wa Kamenge. Niliiogopa safari hiyo kuliko hospitali yenyewe. Nilitembea upande wa mtaro, mbali na pikipiki, mkono mmoja umeshika kitenge cha jirani kama mtoto anayepelekwa shule siku ya kwanza. Tulipumzika chini ya kila kivuli. Kila tuliposimama nilimtazama mwanangu amelala kwenye mgongo wa mtu mwingine, na nilifikiri: hivi ndivyo atakavyobebwa nisipokuwepo. Wazo hilo lilikuja bila kuitwa, na halikutaka kuondoka.

Walinitoa damu. Tukangoja kwenye benchi, na kila mlango ulipofunguliwa niliinua kichwa. Jirani alikuwa anasali kwa kunong'ona, mimi nilikuwa nasoma Ayatul Kursi, nikifika katikati napotea, naanza upya.

Daktari alikuwa msichana, labda mdogo kuliko mimi, mwenye sauti ya uchovu. Alisikiliza moyo wangu muda mrefu, na mimi nikamtazama kwenye paji la uso, nikisubiri likunjike. Kisha akaketi.

"Jana ulikula nini?"

"Chai. Mkate. Na ugali kidogo, ule waliobakisha watoto."

"Hicho ni chakula cha watoto. Chakula chako kilikuwa nini?"

Sikuelewa swali. Nilimwangalia jirani anisaidie, naye akatazama chini. Nilitafuta jana, nikatafuta juzi, na kote huko sikujiona mahali popote nimekaa mbele ya sahani.

Aliniambia damu ni kidogo, kidogo sana, anemi, na moyo unakwenda mbio kwa sababu unajitahidi kusukuma hicho kidogo kilichopo. Moyo wenyewe hakuona kasoro yake. Nilimwambia habari za mama yangu. Alisema hawezi kujua mama yangu alikufa kwa nini, na hatanidanganya.

"Nitakufa?" niliuliza.

"Kwa hili, ukijitunza, apana. Ukiendelea kama sasa utaanguka tena. Na sijui utakuwa umebeba nani."

Nilidhani nikishaambiwa nitapumua. Sikupumua. Nilirudi nyumbani na vidonge vya madini ya chuma na maneno hayo, na maneno yalikuwa mazito kuliko vidonge.

Lakini sasa woga ulikuwa na kazi ya kufanya. Mume wangu akawa anaamka mapema zaidi, anawasha mbabula mwenyewe, anapika maharage na lengalenga, ule mchicha wetu, kabla ya kwenda gereji, vibaya mwanzoni, chumvi nyingi, baadaye vizuri. Jirani alileta ndagala, akanionyesha anavyozikaanga na nyanya na kitunguu mpaka zikalainika. Chai, daktari alikuwa amesema, isiwe pamoja na chakula, kwa hiyo nikaisogeza mbali, na hilo lilikuwa gumu kuliko yote. Nilikamua ndimu juu ya mboga.

Siku ya kwanza jirani aliponiwekea sahani yangu na kuniambia nikae, sikuweza kumeza. Binti yangu alikuja akanyoosha mkono kuchukua samaki, na mkono wangu ukaenda wenyewe kumpa.

"Acha," jirani alisema. "Yeye amekula. Hii ni ya mama yake."

Mtoto alinitazama. Nilimtazama. Nilitafuna huku machozi yananitoka, nikiona aibu kana kwamba nimemnyang'anya. Vidonge vilinichafua tumbo wiki nzima, nikawa nasadiki kwamba ni ugonjwa mwingine, ule mkubwa, unaojificha nyuma ya huu. Jumapili mume wangu aliwachukua watoto wote wawili nje ili nilale. Nililala nimefumbua macho. Nyumba ilikuwa kimya na kile kimya kilinitisha. Niliinuka, nikaenda kukaa uani karibu na jirani mpaka wakarudi. Jumapili iliyofuata nilisinzia kidogo. Nyingine nililala hasa, nikaamshwa na sauti zao getini, na nilishtuka kwa sababu sikuwa nimewasikiliza.

Damu ilipanda. Tulirudi hospitali, daktari akaangalia karatasi akasema inapanda, bado haijafika, niendelee. Safari hii nilimbeba mwanangu mwenyewe wakati wa kurudi, sehemu ya njia, jirani akiwa hatua moja nyuma yangu, mikono yake tayari. Tulinunua parachichi kwa mwanamke aliyekuwa ameyapanga kando ya barabara, tukalipasua, tukala tumesimama kivulini na chumvi ya mfukoni mwa jirani. Mwanangu alipaka lake kwenye shingo yangu.

Tulipokwisha kuvuka barabara, mwanga ulinipiga machoni na kichwa kikawa chepesi. Nilisimama. Nilimkaza mwanangu kwa mikono miwili, nikangoja masikio yazibe, nikangoja ukuta wa duka uanze kwenda kando. Pikipiki zilipita. Jirani aliniuliza, "Ni nini?" Nilikuwa nautazama ukuta.

Ukuta ulibaki mahali pake. Lilikuwa jua tu.

"Twende," nilisema, bado nimemkaza mwanangu. Tulitembea polepole mpaka nyumbani.