Mtu Aliyeshika Kapasita kwa Vidole Viwili

Mtu anawezaje kushika stima kwa vidole viwili na asishtuke? Mama yangu aliniuliza swali hilo jioni niliyorudi kutoka Bisil mkono wangu ukiwa umefungwa kitambaa, na mimi, niliyesoma fizikia chuo kikuu miaka minne, nikamwomba anipe chakula kwanza. Haya nitakayokueleza sikuhadithiwa. Niliyaona. Wala mimi si mwepesi wa kuamini. Kanisani kwetu Kitengela nilikuwa nimeombwa mara mbili, kwa upole, niache kumsumbua mchungaji kwa maswali.

Baada ya chuo sikupata kazi, nikafungua kibanda cha kutengeneza kompyuta nyuma ya duka la vyuma. Miaka hiyo ya elfu mbili na kitu, skrini bapa za mitumba zilikuwa zimeanza kujaa mjini, na karibu zote ziliugua ugonjwa mmoja. Unaiwasha, picha inatokea sekunde mbili, kisha giza. Ukiifungua unakuta kapasita, vile vikopo vidogo vinavyohifadhi umeme, zimefura vichwa kama mandazi. Unazing'oa, unachomelea mpya, skrini inafufuka. Kila skrini niliyoitengeneza niliitia tone la rangi nyekundu ya kucha ndani ya kifuniko cha nyuma, ili mteja asije akaniletea kazi ya fundi mwingine akidai ni yangu. Kichupa cha rangi hiyo kilikaa daima ndani ya mkoba wangu wa vifaa.

Siku moja akanipigia simu mwanamke wa Bisil, Mama Naserian. Alikuwa na duka la kuchapa barua na mikataba ya kuuziana ng'ombe, na skrini yake pekee ilikuwa imezima. Mafundi wawili wa karibu walikuwa wamekataa kuja. Kwa nini? Sikuuliza. Mimi, wa kuuliza kila kitu!

Nilifika siku ya soko, saa sita ikikaribia saa saba. Watu husema mambo kama haya hutokea usiku. Yangu yalitokea jua likiwa utosini, mbuzi wakilia nje. Mama Naserian alinipeleka chumba cha nyuma, akarudi kuketi mbele kwenye mlango, mlango pekee wa kuingilia. Nikachomoa waya ukutani, nikalaza skrini kifudifudi mezani juu ya gunia, nikatoa skrubu. Chumba kilikuwa na kidirisha kidogo kama cha choo. Kifuniko cha nyuma nilikiegemeza ukutani bila kukitazama.

Sasa sikiliza vizuri. Ndani ya skrini kuna kapasita moja kubwa kuliko nyingine zote, ile inayopokea nguvu ya stima ya ukutani. Hiyo inaweza kubaki na stima hata waya ukiwa umechomolewa. Kwa kawaida pembeni yake kuna rezista, kipande kidogo kuliko punje ya mchele, kinachoinyonya stima hiyo polepole mpaka iishe. Lakini fundi mwenye akili hategemei hilo. Hupima kwanza kwa mita. Betri ya mita yangu ilikuwa imekufa. Nikachukua bisibisi ili niunganishe miguu ya ile kapasita, nguvu iishe.

"Takwenya," mtu akanisalimu kwa Kimaasai.

"Iko," nikaitikia kabla sijageuka.

Alikuwa ameketi kwenye kigoda pembeni, mwanamume wa miaka hamsini hivi, sweta ya kijani, penseli sikioni. Nikadhani ni mtu wa nyumba ile. Ungedhani nini wewe?

"Bado iko na stima," akasema.

"Nimechomoa waya kitambo, mzee."

"Waya si kitu. Bado iko na stima." Kisha akatazama mkoba wangu. "Kumbe bado unatumia hiyo nyekundu."

Nikajua ananikejeli, fundi wa kike na rangi yake ya kucha. Nilishazoea. "Hiyo ni ya kazi," nikamwambia, "kama penseli yako."

Akacheka bila sauti. Akainuka, akaja mezani, akabandika kidole gumba na cha shahada juu ya miguu yote miwili ya ile kapasita, akafinya. Nilipiga kelele. Naye akatulia tu, kama mtu anayepima joto la chupa ya mtoto. Hakutetemeka. Hakupepesa jicho.

"Si unaona?" nikasema nikicheka kwa aibu ya ile kelele. "Imekufa."

"Mimi si mita, msichana wangu."

Umesikia? Aliniambia. Lakini mimi nilikuwa nimefundishwa kutazama jaribio, si kusikiliza maneno, na jaribio lilikuwa limefanyika mbele ya macho yangu. Nikaweka bisibisi chini. Nikaishika bodi, kile kibao kinachobeba kapasita, kwa mikono miwili.

Sikumbuki kuanguka. Nakumbuka kifua kikikazwa kama kwa kamba, kisha maji usoni, na Mama Naserian akiita jina la Yesu. Kwenye vidole viwili vya mkono wa kushoto kulikuwa na vishimo vyeupe, ngozi imeiva.

"Yule mzee yuko wapi?" nikauliza.

"Mzee gani? Nimeketi mlangoni, hakuna mtu amepita."

"Wa sweta ya kijani. Ana penseli."

Akakaa sakafuni, chai aliyokuwa ameniletea ikimwagikia shuka lake. "Sikio gani?"

"La kushoto."

Hakulia. Aliniambia tu kwamba mumewe alikuwa mchapaji wa duka hilo, na kwamba miezi minne nyuma alikuwa ameifungua skrini hiyo hiyo, juu ya meza hiyo hiyo, atazame inaugua nini. Hospitalini walisema aliuawa na moyo.

"Mbona hukuniambia, mama?"

"Ungekuja?"

Niliondoka bila kuimaliza ile kazi. Kwa miaka nikajitengenezea maelezo. Ubongo uliopigwa stima unaweza kushona kumbukumbu ya mtu asiyekuwapo, sivyo? Huenda niliona picha yake ukutani. Nikampigia Mama Naserian kumuuliza. Picha ilikuwapo, lakini amevaa suti ya harusi, bila penseli.

Hisia za vile vidole viwili hazijarudi mpaka leo. Siwezi kujua chai ni moto au baridi kwa mkono huo. Na wewe unayefungua vitu vya stima, nakusihi: maliza nguvu kwanza, hata kama umeona mwenzako ameshika akabaki mzima. Hujui mwenzako ni nani. Na ukitoa kitu ndani ya mashine, kisha ukaiwasha ikawaka, usiseme kile kitu hakikuwa na kazi.

Hili la mwisho sikulijua Bisil. Nililijua baada ya miaka sita, Naserian mwenyewe, sasa msichana wa chuo, alipoileta ile skrini kibandani kwangu niiuze kama vipuri. Mamake alikuwa anasafisha stoo. Akaniambia baba yake aliinunua Kitengela, kwenye saiba ya intaneti iliyokuwa ikifungwa na kuuza vifaa vyake, ikiwa imetengenezwa vizuri tu.

Nikaitoa nje, juani, nikaifungua. Ndani ya kifuniko kulikuwa na tone jekundu. Na pembeni ya kapasita kubwa, mahali pa ile rezista, palikuwa na vitundu viwili vitupu, vimesafishwa vizuri. Nilivisafisha mimi. Rezista ilikuwa imeungua, nyingine ya namna yake ingenilazimu niende Nairobi, na skrini iliwaka bila hiyo, nikaifunga.