Ndege wa uani kwa Zarina, na ushahidi niliokataa kuutoa

Wakuu, ndege akionwa na watu wawili, kisha mmoja wao akakana, je, ndege huyo alikuwapo au hakuwapo?

Niliulizwa swali hilo miaka ya arubaini. Salaam kwenu nyote. Anayechapa ni mjukuu wangu, maneno ni yangu, na sitaruka hata yale yanayoniaibisha.

Nilikuwa msichana wa Mji wa Kale niliyebahatika kusoma chuo Uganda. Nilirudi likizo na ubishi mwingi. Mama akisema bundi ni nuksi, namuuliza nuksi hiyo imepimwa na nani.

Tulikuwa na kikundi kidogo cha kutazama ndege, chini ya Maalim Athmani, mwalimu wa hesabu. Kila Jumapili asubuhi tulitoka, mara miti ya Ganjoni, mara mikoko ya Kibarani. (Nyinyi Kibarani mliijua kwa jaa la taka. Sisi tuliijua kwa yangeyange, wale ndege weupe wa majini.)

Maalim alikuwa na daftari, na daftari lilikuwa na sharti: kila ndege mashahidi wawili, kama ndoa. Asiye na shahidi wa pili hupigwa mstari mwekundu.

Sasa Zarina. Jirani na rafiki yangu, binti wa Mhindi muuza vitambaa. Baba yake alimwachisha shule mapema, na ruhusa ya kutoka nasi aliitoa kwa shida.

"Kama ni ilimu, niione imeandikwa," alimwambia Maalim. "Nikiona mstari mwekundu kwenye jina lake, yamekuwa matembezi. Atakaa nyumbani."

Sote tulilijua hilo. Mimi pia.

Tatizo ni kwamba Zarina alikuwa na macho. Mimi bado natafuta penseli, yeye keshanyoosha kidole. Jina lake lilijaa kurasa, langu la kutafuta. Nikajiuliza, chuo nimekwenda mimi, mbona ndege wanamjua yeye? Nilimwonea kijicho hadi kikohozi chake kikawa kinaniudhi.

Ndege wangu wa maana alikuwa mmoja tu: mdiria, yule ndege anayevua samaki, mwenye mdomo mwekundu mtupu. Alipita kwenye mikoko kama jiwe la manati. Zarina alikuwa nyuma yangu, akatia saini ya shahidi papo hapo. Maalim akanisifu mbele ya wote, na sifa hiyo niliila wiki nzima.

Mwezi wa tano, mvua ilinyesha usiku kucha. Asubuhi mapema Zarina akaniita chini ya dirisha.

"Mwanaisha, njoo uani kwetu. Na usivae makubadhi, yatalia."

Nikaenda miguu mitupu. Chini ya mkomamanga, kwenye majani yaliyolowa, alikuwa ndege anatembea kama kuku. Mgongo wa kijani, tumbo jekundu, madoa ya samawati bawani, mkia mfupi kana kwamba umekatwa kwa mkasi. Akaruka mara mbili, akapita nyuma ya mtungi, akavuka ukuta.

"Umemwona?"

Wakuu, nilimwona vizuri kuliko ninavyouona mkono wangu leo.

"Nimeona kitu," nikasema. "Huenda ni kuku wa jirani."

"Kuku wa kijani?"

"Mwangaza wa asubuhi hudanganya."

Akacheka, akidhani namtania.

Jumapili alimweleza Maalim kila kitu, hadi rangi ya miguu. Maalim akanigeukia, kalamu mkononi. "Na wewe, msomi wetu?"

"Siwezi kushuhudia nisilo na hakika nalo, Maalim."

Wenzetu wakausifu uangalifu wangu. Mstari mwekundu ukapita. Zarina akanigeukia, akaniuliza lile swali nililowaanzia nalo.

Jumapili iliyofuata hakuja. Hakuja tena. Mwaka uleule akaolewa Tanga.

Funzo langu ni hili. Kutia shaka ni elimu, na mpaka leo sijaacha. Ila kwanza itazameni shaka yenyewe imetoka wapi, kichwani au kifuani. Yangu ilitoka kifuani, nikaivika joho la chuo.

Aliyewahi kukana alichokiona kwa macho yake aandike hapa chini, asione haya. Nitasomewa yote.

Yule ndege nilimkuta kitabuni baada ya miaka mingi. Anaitwa pita. Husafiri usiku majira ya mvua na kutua popote alfajiri inapomkuta, hata uani kwa watu.

Lakini hilo silo lililoninyima usingizi. Tukiwa vikongwe nilimfuata Zarina Tanga, nikamwomba radhi. Akasema yamepita. Nikamwambia walau mdiria wangu tulimwona pamoja.

"Mdiria wako?" akasema. "Siku ile nilikuwa nimeinama, kiatu kimezama matopeni. Sikuona hata unyoya. Ulisema umemwona, nikatia saini."