Mama mkwe alipoipaka mafuta magneto ya pikipiki yangu, Suji

Wakuu, habari za humu. Nimesoma mnavyobishana kuhusu pikipiki za kizamani, nami nina kisa changu. Kwa umri nilionao sina tena sababu ya kudanganya mtu.

Ni enzi za Mwingereza. Nilikuwa nachanja ng'ombe wa wafugaji tambarare ya Same, na serikali ilinipa pikipiki yenye kigari cha pembeni.

Haikuwa na betri. Moto wa plagi ulitoka kwenye magneto, na humo ndani kuna vyuma viwili vidogo, platini, vinavyogusana na kuachana. Vikichafuka, huna safari.

Mke wangu Nakunda alikuwa kwao Suji, juu milimani, akisubiri kujifungua mtoto wetu wa kwanza. Nikapanda kumwona, nikalala ukweni.

Asubuhi uchungu ukaanza. Mkunga akatoka ndani uso umembadilika: mtoto amekaa vibaya, ashushwe hospitali Same sasa hivi.

Tukamlaza kwenye kigari. Nikapiga kiki. Kimya.

Nikapiga tena na tena mpaka goti likauma. Kimya!

Nikafungua plagi, nikaigusisha kwenye injini na kupiga kiki: hakuna cheche. Nikachungulia platini, zinang'aa. Nikaziacha, nikahamia kwenye waya. Nakunda analia. Wakuu, niliogopa sana.

Hapa niwaeleze kitu. Siku hizo kwetu mama mkwe humsogelei wala humsemeshi. Mkikutana njiani unampisha. Salamu zote zilipitia kwa Nakunda, na tangu nioe yule mama hakuwahi kuniambia neno.

Basi nimeinama pale, nikasikia sauti nyuma yangu:

"Baba, hivyo vyuma nimevipaka mafuta mimi."

Wote pale uani wakageuka: ni mama mkwe aliyenisemesha.

Kumbe jana yake kifuniko cha magneto kilikuwa kimelegea kwa mitikisiko ya njia. Yeye akaona vyuma viko wazi na ukungu unaingia. Akavipaka mafuta ya mkia wa kondoo, kama anavyopaka majembe yake yasishike kutu, akarudisha kifuniko. Alikuwa anamtunzia mkwe wake mali! Ndiyo maana platini ziling'aa, na mafuta hayo ndiyo yaliyozuia moto.

"Ahsante, Mama," nikasema.

Akachana pindo la kanga yake, akanipa mkononi. Nikalichovya kwenye petroli, nikafuta katikati ya platini mpaka kitambaa kikatoka safi. Kiki moja tu, injini ikanguruma. Nilitamani kulia.

Sasa, nani wa kumsindikiza Nakunda? Kiti kilichobaki kilikuwa nyuma yangu. Mama mkwe akawatazama ndugu zake, wakatazama chini, akapanda. Kona ya kwanza ya kushukia Makanya akanikamata kiuno kwa mikono miwili, na hakuniachia mpaka Same.

Nakunda alitoka salama, mtoto salama. Mtoto huyo ndiye aliyeninunulia simu hii ninayoandikia.

Somo kwa mafundi: platini kung'aa si kuwa safi, futeni kwanza. Somo kwa wengine: yule mama angeshika mila asubuhi ile, ningekuwa nahangaika na waya mpaka leo.

Tulizungumza mpaka alipofariki. Siku ile pale hospitali, nilipompa habari njema, alifuta machozi kwa ile kanga iliyochanika, akaniambia, "Baba, siku nyingine funga hicho kifuniko."

Wenye wakwe zao, njooni mseme.